Jua Linawaka, Bahari Imechafuka: Maswali Yenu Kuhusu Kusi

Barua za mwezi huu karibu zote zimeletwa na kusi, ule upepo wa kutoka kusini. Wengi wenu mnauliza dhoruba itaanza lini, kana kwamba lazima mbingu zifunge na radi zipige ndipo tuiite dhoruba. Kusi la Juni mpaka Agosti huchafua bahari jua likiwa linawaka. Na yale mawimbi mapana yanayofika Makunduchi na Kizimkazi, kusini mwa Unguja, asubuhi isiyo na upepo hayakuzaliwa hapa. Yametoka kwenye dhoruba za majira ya baridi, mbali huko kusini ya Bahari ya Hindi, yakasafiri siku kadhaa. Kwa hiyo kuangalia mawingu peke yake hakutoshi. Katika majibu haya tutazungumza zaidi juu ya saa kuliko mbingu.

Assalaam alaykum. Sisi ni kinamama wa mwani, Jambiani. Bamvua lililopita maji yalitukuta bado tunafunga kamba, tukatoka tumeshikana mikono, maji kifuani. Tuliingia saa ile ile ya siku zote. Kwa nini maji yaliwahi?

Waalaykum salaam, mama zetu. Sababu ni mbili, na ya kwanza ni hiyo "saa ile ile".

Bamvua la Unguja, yaani siku ambazo maji hupwa na kujaa kuliko siku nyingine, hufuata mwezi: siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu. Siku hizo maji hupwa kabisa kama saa nne na nusu mpaka saa tano asubuhi, na kujaa jioni kama saa kumi na nusu au kumi na moja. Lakini kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mkienda kwa saa ya ukutani badala ya kuhesabu mwezi, siku moja mtaingia mapema bure, na nyingine mtakuwa ndani wakati maji yameshageuka.

Halafu kuna mwendo wenyewe. Maji hayapandi sawasawa kwa saa sita. Chukueni bamvua la mita 3.6 kutoka kupwa hadi kujaa, kipimo cha kawaida kwetu. Saa ya kwanza hupanda sentimita 30 tu, na hapo ndipo mtu husema "bado, tumalizie kamba hii". Saa ya pili hupanda 60, ya tatu 90, ya nne 90, kisha hupungua tena, 60 na 30. Hesabuni: saa moja baada ya kupwa, maji yamepanda hadi chini ya goti. Saa mbili, yako kiunoni. Saa tatu, yamempita mtu mrefu. Kati ya "bado" na kifuani ni saa moja na kidogo.

Sababu ya pili ni kusi lenyewe. Upepo ukivuma siku tatu nne mfululizo husukuma maji kuelekea pwani ya mashariki, Jambiani, Paje, Bwejuu mpaka Chwaka. Maji hayapwi kufika pale yalipozoea, na hurudi mapema kuliko hesabu. Mawimbi yanayovunjika juu ya mwamba nayo humwaga maji ndani kwa wingi. Maji hayo hutafuta pa kutokea, ndiyo maana mkondo wa kwenye mlango wa mwamba huwa mkali hata siku ambayo huku ndani pametulia.

Na hatari haiji kutoka mbele. Baina ya shamba na ufukwe mara nyingi kuna bonde, pahali penye kina kilichozidi kidogo, mnapopavuka wakati wa kwenda bila hata kupatambua. Hapo hujaa kwanza. Mwenye kuangalia maji miguuni pake shambani anaona bado chini ya goti, kumbe nyuma yake pameshafika kiunoni. Kwa hiyo chomekeni kigingi katikati ya bonde hilo, sio shambani, mkifunge kitambaa chekundu sentimita 50 kutoka chini. Kitambaa kikiguswa na maji, wote wanatoka, hata aliyebakisha vishada vitatu. Kazi ya kukiangalia apewe mtu mmoja kwa zamu, mwenye filimbi, asiyefunga mwani siku hiyo. Kila mtu akiangalia kidogo kidogo, hakuna anayeangalia.

Siku za upepo mwanzo wa kutoka uwe ile saa ya kupwa yenyewe. Siku tulivu mnaweza kuongeza nusu saa, basi. Gunia la mwani mbichi ndilo linalozamisha watu, maana mtu hulionea uchungu. Lifungeni kwenye kigingi mliache, kesho litakuwepo, na lisipokuwepo ni gunia tu. Kila mmoja awe na madumu mawili matupu ya lita 5, yenye vizibo vinavyokaza, yameunganishwa kwa kamba ya urefu wa mkono. Ukiyapitisha chini ya makwapa hubeba karibu kilo 10, na hiyo inatosha kuweka kichwa cha mtu mzima juu ya maji. Kanga ipandishwe na kukazwa juu ya goti na suruali ivaliwe ndani, kwani nguo ndefu iliyolowa hukamata mkondo kama tanga.

Mimi ni mvuvi wa Kojani. Redioni wanasema "mawimbi yanayozidi mita 2". Sisi tunatoka na mita 2 kila siku. Wanatutisha au?

Hawakutishi, ila kipimo chao si unachokidhani. Mita 2 za utabiri ni wastani wa ile theluthi moja ya mawimbi makubwa. Ndani ya saa chache za kuvua, wimbi moja moja linaweza kukaribia mara mbili ya hapo, yaani mita 4, bila utabiri kuwa umekosea. Wewe huzamishwi na wastani.

Upepo nao. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa upepo unapotarajiwa kuzidi kilomita 40 kwa saa, sawa na noti 22 hivi kwa kipimo cha mabaharia. Nguvu ya upepo haiongezeki moja kwa moja: ukitoka kilomita 20 kwenda 40, msukumo kwenye tanga huwa mara nne. Rangi zao ni rahisi kukumbuka: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kwa maoni yetu, ngalawa na mtumbwi wabaki mchangani tangu njano. Boti ya mashine nzima, yenye watu wazoefu, inaweza kuchagua katika njano, sio katika chungwa.

Jambo ambalo utabiri wa siku nzima haulisemi vizuri: kusi huamka na jua. Alfajiri huwa jepesi, kuanzia saa nne hukaza, na alasiri ndiyo kilele. Bahari uliyotokea nayo siyo utakayorudi nayo. Panga kurudi kabla ya saa sita, na usiende mbali upande ambao kurudi kwake ni kwa bisho, yaani dhidi ya upepo.

Tunatumia ngalawa huku Matemwe. Ikijaa maji au ikipinduka mbali, bora kuogelea au kukaa nayo?

Kaa nayo. Tungekuwa na nafasi ya neno moja tu katika safu hii, ni hilo.

Mtu aliye majini huona vichwa vya minazi akadhani amefika. Mnazi wa mita 20 huonekana kutoka zaidi ya kilomita 15, hata jicho likiwa karibu na uso wa maji. Hakuna anayeogelea hivyo katika kusi. Na mtafutaji aliye kwenye boti huona ngalawa iliyolala, lakini kichwa cha mtu baina ya mawimbi hakioni hata akipita karibu.

Ikitokea, kwanza hesabuni watu kwa majina. Shikeni upande unaotoka upepo; ukikaa upande wa pili, wimbi litakubamiza na chombo. Fungua demani (kamba ya kuzuia tanga), kisha legeza henza (kamba ya kulipandishia), foromali (mti unaobeba tanga) ishuke na tanga lifungwe lisizurure, kwani kamba na tanga vilivyotanda majini hufunga miguu ya watu. Chombo kikiwa kimekaa sawa lakini kimejaa, msipande wote. Kiyumbisheni kwa pamoja maji yaruke nje, halafu mmoja mwepesi aingie kwa tezi, yaani nyuma, na kufua maji kwa ndoo; kata ndogo haiwahi. Wengine wabaki nje wakikituliza.

Mara nyingi hili hushindikana kwa sababu moja: ngalawa iliyojaa mdomo wake huwa sawa na bahari, kila wimbi linarudisha ulichokitoa. Dawa yake hufanywa nchi kavu. Funga madumu manne ya lita 20, matupu, mawili omo, yaani mbele, na mawili tezi, chini ya mbao za kukalia. Kila moja hubeba karibu kilo 19, jumla zaidi ya 70, na mdomo wa chombo huinuka vya kutosha kufuliwa maji. Weka mpira chini ya kizibo. Pitisha kamba mara mbili kuzunguka dumu zima, usitegemee mkono wake. Plastiki iliyokaa juani mwaka mzima hukatika hapo hapo.

Kagua pia kamba zinazofunga marengu, yale mabawa ya pembeni. Ndizo zinazoponza ngalawa nyingi katika kusi. Bawa la upande wa chini ya upepo likichimba ndani ya wimbi hugeuka breki, chombo kinazunguka ubavu kwa upepo, na kamba iliyolika hukatika katika msuko huo. Ipinde kamba kwa vidole: ikitoa vumbi na nyuzi zimesimama kama nywele, badilisha yote, usiunge.

Mkishindwa kufua maji, kaeni pamoja, magoti kifuani, nguo mwilini. Maji yetu mwezi wa Agosti huwa kama nyuzi 25, na watu husema hiyo ni joto. Mwili una 37, na maji huondoa joto mara 25 kwa kasi kuliko hewa. Baada ya saa kadhaa vidole havishiki tena, na hapo ndipo mtu huachia chombo. Jifunge nacho kwa fundo la kufunguka kwa kuvuta mara moja, mapema, vidole vikiwa vizima.

Simu iwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa, na nyumbani pawe na mtu anayejua mambo matatu: mmeelekea wapi, mko wangapi, mnarudi saa ngapi. Ikipita saa moja juu ya hiyo, aende kwa sheha na kamati ya wavuvi, na KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, waarifiwe hapo hapo. Kusubiri mpaka magharibi kwa kuona aibu ya kusumbua watu ni kuwapa waokozi bahari ya giza. Chombo chenye redio ya baharini kiite kwenye chaneli 16.

Mwanangu wa miaka 13 hashikiki, kila jioni yuko Forodhani kwenye makachu, kule kurukia baharini kutoka ukutani. Wenzake wanamwambia kusi halifiki upande wa mjini. Kweli?

Nusu kweli, mama, na nusu hiyo ndiyo inayodanganya. Mji Mkongwe, Bububu mpaka Mangapwani wamekingwa na kisiwa chenyewe. Ukingoni maji hulala. Lakini upepo hapo hutoka upande wa nchi kavu au hupita sambamba na pwani, kwa hiyo kila kinachoelea kinaondoka: mpira, dumu, mtumbwi usio na kasia, mtoto aliyekalia tyubu ya gari. Kadiri anavyokwenda mbali ndivyo anavyotoka kwenye kinga na mawimbi kukua. Mwambie hivi: mpira ukienda, uende.

Ama makachu yenyewe, shida kubwa kuliko upepo ni kina. Pahali pale pale penye mita 4 jioni ya bamvua hubaki na nusu mita asubuhi. Kuruka kwa kichwa kunahitaji mita 3 zisizo na kitu chini, na maji yakiwa yamevurugwa na mawimbi hakuna anayeona chini. Sheria inayoeleweka na mtoto: wa kwanza kuingia ashuke kwa miguu, polepole, apime; na wimbi likiwa linapiga ukuta na kurudi, leo hakuna makachu. Anayeruka peke yake, hata akiwa bingwa, asiruke.

Nasafiri Unguja kwenda Pemba na watoto wawili mwezi wa Julai. Niangalie nini?

Njia hii na ile ya Dar es Salaam zote zina kumbukumbu nzito. MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011, imejaa kupita kiasi ikielekea Pemba. MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, bahari ikiwa imechafuka. Ujazo na hali ya bahari, basi, ndivyo vya kuangalia kabla ya kupanda: watu waliokaa kwenye njia za kupitia na juu ya mizigo, chombo kilicholala ubavu kikiwa bado gatini. Ukiona hivyo, tiketi iungue. Chombo kikiahirishwa, usitafute mashua ya mbao ya kukuvusha usiku.

Ukishapanda, uliza jaketi za kuokolea za watoto ziko wapi, kwa sababu mara nyingi hazikai na za wakubwa. Mtoto chini ya kilo 43 hutumia la watoto. La mtu mzima humtoka kichwani. Mvalishe ujaribu: mnyanyue kwa mabega ya jaketi, likipanda kufika masikioni, halijakaza. Kaeni karibu na mlango unaotoka nje, na hesabu kwa mkono safu za viti mpaka hapo, gizani utahesabu hivyo hivyo. Chombo kikienda mrama, watu wasikimbilie upande mmoja.

Je, ni kweli kwamba tufani hazifiki visiwani kwetu?

Ni nadra, lakini hufika. Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja ikang'oa mikarafuu mingi mno. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na hiyo ni sababu moja ya karafuu kuhamia huko. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia. Angalia miezi hiyo: Aprili na Mei, wakati wa masika. Ni hatari nyingine, yenye taarifa zake, usiichanganye na kusi.

Huku Msuka alizama mtoto, wazee wakamning'iniza kichwa chini na kumkamua tumbo maji yatoke. Alipona alhamdulillahi. Ndivyo inavyotakiwa?

Alhamdulillahi kwa kupona kwake, lakini hapana. Maji yanayotoka kwa kukamua hutoka tumboni, si mapafuni, na yakipanda pamoja na chakula huweza kuingia kwenye njia ya pumzi. Zaidi ya hayo, kila dakika ya kukamua ni dakika bila hewa. Aliyezama anakufa kwa kukosa hewa, kwa hiyo hewa ndiyo dawa.

Kabla ya hapo, kumtoa. Usimfuate kwa kuogelea. Anayezama humpanda mwokozi. Mfikishie upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, au mtupie dumu la lita 5 lenye kamba ya mita 15 au 20. Ndani ya dumu tia maji kama nusu lita: likiwa tupu kabisa kusi litakurudishia usoni, likijaa halielei vizuri. Tupa limpite, kisha livute mpaka alifikie. Na ujue kwamba anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Husimama wima majini, mdomo ukizama na kuibuka, kimya. Mtoto aliyekuwa akicheka sasa kanyamaza ndiye wa kutazamwa.

Akishatolewa, mlaze chali mahali pagumu. Haitiki na hapumui vizuri? Mwinue kidevu, mzibe pua, mpulizie pumzi 5, kila moja mpaka kifua kiinuke. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya 100 mpaka 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hivi kwa mtoto, 5 mpaka 6 kwa mtu mzima. Halafu pumzi 2, tena 30. Mwingine awe ameshapiga 112 na anatafuta gari. Povu jeupe likitoka mdomoni usipoteze muda kulifuta, endelea. Akitapika mgeuze ubavu, safisha, mrudishe. Usiache mpaka apumue, au mwenye ujuzi zaidi akupokee, au nguvu zikuishie. Mkiwa wawili pokezaneni kila dakika mbili, maana mikono ikichoka kina hupungua bila wewe kuhisi.

Akizinduka, mlaze ubavu, mvue nguo mbichi, mfunike kanga kavu, na mpelekeni hospitali hata akisema hana kitu. Maji kidogo yaliyobaki mapafuni yanaweza kumletea shida ya pumzi saa kadhaa baadaye. Akianza kukohoa bila kukoma, kupumua haraka, au kusinzia kuliko kawaida usiku ule, msisubiri kuche.